Nani Anaweza Kusema Hapana?

Kila ninaposoma habari za akili mnemba, iwe ni modeli mpya, mkataba wa mabilioni au sheria iliyopitishwa, natafuta jambo moja: ni nani hapa mwenye uwezo wa kusema hapana, na hapana yake ikasimama? Mengine, yaani hotuba za makongamano na yale matamko ya uwajibikaji yanayopambwa kwa picha za roboti mwenye macho ya huruma, nayapita mbio. Tabia hii niliianza Novemba 2023 na sijaona sababu ya kuiacha.

Ijumaa ya tarehe 17 Novemba mwaka huo, bodi ya OpenAI ilimfukuza kazi Sam Altman, mtendaji mkuu wa kampuni iliyoizindua ChatGPT hata mwaka ulikuwa haujatimia. Bodi ilitoa maelezo mafupi kwamba hakuwa muwazi kwao nyakati zote, kisha ikanyamaza. Kisheria haikulazimika kusema zaidi. OpenAI ilianzishwa Desemba 2015 kama shirika lisilolenga faida, na hata ilipounda tawi la biashara mwaka 2019 ili ipate mtaji, tawi hilo liliwekwa chini ya bodi ya shirika mama. Wawekezaji wa mwanzo waliambiwa mapema kwamba faida yao ina kikomo: mara 100 ya walichoweka, na kinachozidi ni mali ya shirika. Wajibu wa wakurugenzi, kwa maandishi, ulikuwa kwa binadamu wote kwanza. Microsoft, ambayo ahadi zake za fedha zilikuwa zimefika takribani dola bilioni 13, haikuwa na kiti hata kimoja mezani.

Ukiitazama kwa karatasi, sijui kama sekta hii imewahi kusikia hapana iliyo safi kuliko ile. Ilidumu siku tano.

Jumatatu asubuhi Satya Nadella wa Microsoft alikuwa ameshatangaza kwamba Altman na mwenzake Greg Brockman wanahamia kwake kuanzisha kitengo kipya. Zaidi ya wafanyakazi 700, kati ya takribani 770, walitia saini barua wakitishia kuwafuata. Miongoni mwa waliotia saini alikuwemo Ilya Sutskever, mwanasayansi mkuu wa kampuni, ambaye siku tatu nyuma alikuwa upande wa waliofukuza. Tusisahau pia kwamba wafanyakazi hao walikuwa wakisubiri kuuza sehemu ya hisa zao katika mpango ulioithamini kampuni kwa zaidi ya dola bilioni 80. Sisemi kwamba walisukumwa na hilo tu. Nasema lilikuwepo, na kila mmoja alijua kuwa lipo. Usiku wa Jumanne mapatano yakatangazwa, Altman akarudi, na wengi wa waliomfukuza wakaondoka kwenye bodi.

Watu walilisimulia tukio lile kama tamthilia ya wakubwa waliogombana. Niliwahi kukaa kwenye bodi ya shirika dogo lisilolenga faida, na nililolijifunza pale ndilo lililonifanya niisome habari hii kwa jicho jingine. Katiba inaweza kukupa mamlaka ya kumwondoa mtu, lakini haikupi fedha za mshahara wa mwezi ujao, wala haikupi mtu wa kufungua ofisi kesho asubuhi. Bodi ya OpenAI ilikuwa na kura. Seva zilikuwa za Microsoft, ujuzi ulikuwa vichwani mwa wafanyakazi, na fedha zilikuwa kwa wawekezaji. Wote watatu walikuwa upande mmoja, na upande huo haukuwa wa bodi.

Tangu hapo nimekuwa nikihesabu hapana nyingine za ndani zilizoisha kimyakimya. Julai 2023 OpenAI iliunda timu ya kutafiti namna ya kudhibiti mifumo yenye akili kumzidi binadamu, ikaahidi kuipa asilimia 20 ya nguvu ya kompyuta iliyokuwa imejipatia hadi wakati huo. Mei 2024 viongozi wake wawili waliondoka na timu ikavunjwa. Mmoja wao, Jan Leike, alieleza hadharani kwamba usalama ulikuwa umesukumwa nyuma ya bidhaa za kuvutia. Google nayo, baada ya wafanyakazi wake kupinga kazi ya kijeshi mwaka 2018, iliandika kwamba haitatengeneza akili mnemba kwa ajili ya silaha. Februari 2025 sentensi hiyo iliondolewa. Wahenga walisema ahadi ni deni, ila deni lisilo na mdai huwa halilipwi.

Na wadai wa upande wa pili wameongezeka. Hapa ndipo habari za biashara na habari za utawala zinapokuwa habari moja, ingawa magazeti huziweka kurasa tofauti.

Septemba 2025 Nvidia, watengenezaji wa chipu za kompyuta, ilitangaza nia ya kuwekeza hadi dola bilioni 100 ndani ya OpenAI, ambayo nayo ingejenga vituo vya data vilivyojaa chipu za Nvidia. Mwezi huohuo ikaripotiwa kwamba OpenAI itailipa Oracle takribani dola bilioni 300 katika miaka mitano kwa nguvu ya kompyuta. Oktoba ikaja AMD, mshindani wa Nvidia, ikiipa OpenAI haki ya kupata hadi hisa milioni 160 zake, kama asilimia 10 ya kampuni, kadiri OpenAI inavyonunua chipu za AMD. Muuzaji anampa mnunuzi hisa ili mnunuzi amnunulie, na bei ya hisa inapanda kwa sababu mnunuzi amepatikana. Novemba Altman mwenyewe alisema ahadi zote za kampuni yake zinafika karibu dola trilioni 1.4 katika miaka minane, huku mapato yakitarajiwa kuvuka kiwango cha dola bilioni 20 kwa mwaka.

Dawa ya deni ni kulipa, na ili ulipe lazima uuze. Sasa fikiria kamati ya usalama ndani ya kampuni kama hiyo. Wataalamu wanakaa, wanapima modeli mpya, wanaona inaweza kumsaidia mtu mwovu kufanya jambo la hatari, wanapendekeza isubiri miezi sita. Zamani kuchelewa huko kungewaudhi wahandisi na kuwafurahisha washindani, basi. Leo kunagusa ratiba ya malipo ya Oracle, ambayo nayo imekopa mabilioni kwa kuuza hati fungani. Kunagusa bei ya hisa za Nvidia, kampuni ya kwanza duniani kufikia thamani ya dola trilioni 5, Oktoba 2025. Na kupitia hisa hizo kunagusa mifuko ya pensheni ya watu ambao hawajawahi kuandika hata swali moja kwa ChatGPT. Novemba hiyohiyo mkuu wa fedha wa OpenAI, Sarah Friar, alitaja jukwaani uwezekano wa dhamana ya serikali kwa mikopo ya sekta hii, kisha akarekebisha kauli yake baada ya kelele kuzuka. David Sacks, mshauri wa Ikulu ya Marekani, akasema hakutakuwa na uokoaji wa serikali kuu. Ile kauli ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Hapana ya kamati ya usalama haijawahi kuwa ghali kama ilivyo sasa, na kila mkataba mpya unaipandisha bei.

Kwa hiyo niliacha kuitafuta hapana ndani ya kampuni. Nikaanza kuitafuta kwa watu wasio na hisa, na nikaikuta mahali ambapo sikupategemea: kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Delaware.

Delaware ni jimbo dogo ambako kampuni nyingi za Marekani husajiliwa kwa sababu sheria zake za kampuni zinaeleweka na mahakama zake ni za kitaalamu. OpenAI ilisajiliwa huko. Desemba 2024 ilipotangaza kwamba inataka kugeuza tawi lake la biashara kuwa kampuni ya manufaa ya umma, yaani ya kutafuta faida lakini yenye lengo la jamii katika katiba yake, inayojitegemea, na shirika mama libaki na hisa bila usukani, kulikuwa na kizuizi kimoja cha kizamani kabisa. Mali iliyotolewa kwa madhumuni ya hisani haiwezi kugeuzwa mali ya watu binafsi kwa kuwa tu wasimamizi wake wamebadili mawazo. Anayesimamia kanuni hiyo kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na ni kazi ambayo kwa kawaida humhusu mtu aliyefuja fedha za kituo cha yatima. Kathy Jennings wa Delaware, pamoja na Rob Bonta wa California ambako kampuni ina makao yake, wakaanza kuuliza maswali. Mei 2025 OpenAI ikarudi nyuma: shirika mama litaendelea kuwa na usukani.

Mapatano ya mwisho yalitangazwa tarehe 28 Oktoba 2025. Shirika mama, ambalo sasa linaitwa OpenAI Foundation, lilipata takribani asilimia 26 ya kampuni, zikithaminiwa kama dola bilioni 130. Microsoft ikapata asilimia 27 hivi. Shirika mama ndilo linaloteua wakurugenzi wa kampuni. Katika masuala ya usalama wakurugenzi hao wanatakiwa kuangalia madhumuni ya shirika, wala si maslahi ya wanahisa. Na kamati ya usalama, inayoongozwa na Zico Kolter, profesa wa Carnegie Mellon, ilithibitishiwa mamlaka ya kuzuia modeli isitolewe.

Nimeshawahi kubishana na rafiki aliyeuita ushindi huu geresha. Ana hoja. Kile kikomo cha faida cha mara 100 kimeondolewa. Watu wanaoketi kwenye bodi ya shirika mama na bodi ya kampuni karibu ni walewale, hivyo yule anayemsimamia mwenzake anajisimamia mwenyewe akiwa amebadili kofia. Na moja ya mambo ambayo Bonta aliyataja kwa fahari ni kwamba OpenAI itabaki California. Hapo hata mwanasheria wa umma anaonekana ana chake: kodi na ajira za jimbo. Yote hayo nayakubali. Lakini nalinganisha na Novemba 2023. Ile bodi ilikuwa na mamlaka makubwa zaidi kwa maandishi, na ikadumu siku tano. Jennings na Bonta walikuwa na mamlaka madogo, ya pembeni, na kampuni tajiri kuliko nchi nyingi ilibadili mpango wake kwa ajili yao. Hawakuhitaji seva za mtu. Hakuna aliyeweza kutishia kuwahamisha wafanyakazi wao wote kwenda Microsoft.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Vifungu vidogo vya aina hiyo ndivyo ninavyovifuatilia siku hizi, na kingine kilianzia kwenye mikataba ya kuacha kazi. Mei 2024 ilifichuka kwamba wafanyakazi waliokuwa wakiondoka OpenAI waliwekewa sharti: wakiisema vibaya kampuni, wanaweza kupoteza hisa walizokwisha kuzipata. Kampuni iliomba radhi na kuliondoa sharti hilo, na mwezi uliofuata wafanyakazi wa sasa na wa zamani wa kampuni za akili mnemba waliandika barua ya wazi wakidai haki ya kuonya umma. Watu wanaojua kasoro za modeli kabla haijatoka ni wachache sana duniani, na wengi wao walikuwa wamefungwa midomo kwa mali yao wenyewe.

California ilikuwa tayari inashughulika. Muswada wa kwanza, SB 1047 wa seneta Scott Wiener, ulitaka mengi, ikiwemo uwezo wa kuizima modeli na ukaguzi wa nje. Gavana Gavin Newsom alikataa kuutia saini tarehe 29 Septemba 2024. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, alitia saini mdogo wake, SB 53. Huu haumzuii mtu kutoa modeli. Unazitaka kampuni kubwa, zile zenye mapato yanayozidi dola milioni 500 kwa mwaka na modeli zilizofunzwa kwa hesabu nyingi mno, zichapishe taratibu zao za usalama na kuzifuata, ziripoti matukio makubwa ndani ya siku 15, au ndani ya saa 24 maisha ya watu yakiwa hatarini, na zisimwadhibu mfanyakazi anayetoa taarifa. Faini ni hadi dola milioni 1 kwa kosa. Kwa kampuni hizi hiyo ni hela ya chai, sikatai. Ninachokithamini zaidi ni kile kifungu cha mfanyakazi. New York ilifuata Desemba 2025 kwa sheria yake, RAISE, yenye muda wa kuripoti wa saa 72.

Kuhusu Ulaya nitasema machache, maana imeandikwa sana. Sheria yake ya akili mnemba ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na makatazo yake ya mwanzo, kama kuwapanga raia kwa alama za tabia, yalianza Februari 2025, na faini yake ni hadi euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya dunia nzima. Hiyo si hela ya chai. Wajibu wa watengenezaji wa modeli kubwa ulianza Agosti 2025, na mamlaka ya Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ya kuwatoza faini yakapangwa kuanza Agosti 2026. Kampuni nyingi zilitia saini mwongozo wa hiari uliotolewa Julai 2025, Meta ilikataa. Kisha Novemba 2025 Kamisheni yenyewe ikapendekeza kusogeza mbele sehemu ya masharti ya mifumo ya hatari hadi Desemba 2027. Sheria imeandikwa kwa wino, tarehe zake kwa penseli.

Hoja inayotumika kila mahali kuifuta hapana ni China. Sisi tukisita, wao watapita. Hoja hii ilipata nguvu Januari 2025, modeli ya DeepSeek, kampuni ya China, ilipoifanya Nvidia ipoteze karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja. Lakini China ina breki zake. Tangu Agosti 2023 huduma za aina hii zinazotolewa kwa umma huko zinaongozwa na kanuni maalumu za serikali, na tangu Septemba 2025 kazi iliyotengenezwa na mashine inatakiwa iwe na lebo. Breki hizo zimewekwa kwa ajili ya siasa ya chama kuliko usalama wa mtumiaji, na sizitamani. Ila kampuni za huko hazikufa kwa kuwa nazo.

Wakati huohuo hapana ya Marekani kwa China iligeuka kuwa bidhaa. Aprili 2025 serikali ya Marekani iliizuia Nvidia kuuza chipu za H20 huko kwa sababu za usalama wa taifa. Agosti ilikubali ziuzwe, serikali ikichukua asilimia 15 ya mapato. Desemba Rais Trump akatangaza kuruhusu H200, zenye nguvu kubwa zaidi, kwa asilimia 25. Ama chipu ni hatari kwa usalama wa taifa au si hatari. Sijaona popote pameelezwa kwamba hatari hupungua ikikatwa asilimia.

Ndiyo maana nashtuka kuona nguvu nyingi zikielekezwa kwenye kuzima ofisi ndogo za majimbo. Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilijaribu kuweka katazo la miaka kumi kwa majimbo kutunga sheria za akili mnemba; Seneti ililiondoa tarehe 1 Julai kwa kura 99 dhidi ya 1. Kwa suala lenye ubishi, kura kama hiyo ni nadra katika Seneti ya siku hizi. Haikusaidia sana. Desemba Trump alitia saini amri inayoitaka Wizara ya Sheria iunde kikosi cha kuyashtaki majimbo yenye sheria hizo, na kuyatishia kuyanyima fedha za intaneti ya kasi. Wanaounga mkono wanasema kampuni haiwezi kufuata sheria 50 tofauti. Ningeielewa hoja hiyo kama mezani kungekuwa na sheria moja ya taifa ya kuchukua nafasi ya hizo 50. Amri ya Biden ya Oktoba 2023, iliyozitaka kampuni ziripoti majaribio yao ya usalama kwa serikali, ilifutwa siku ya kwanza ya utawala mpya, na hakuna sheria ya Bunge iliyokuja kuziba pengo lake.

Taarifa za matukio makubwa chini ya SB 53 hupelekwa kwenye Ofisi ya Huduma za Dharura ya California, watu ambao kazi yao kuu ni moto wa nyika na matetemeko. Kuanzia Januari 2027 ofisi hiyo inatakiwa kutoa muhtasari wa kila mwaka, usiotaja kampuni kwa majina. Utakuwa waraka mkavu, naamini, wa jedwali mbili tatu. Nitauchapa na kuusoma na kalamu mkononi, nikianzia kwenye jedwali la idadi ya matukio. Ikiandikwa sifuri, nitataka kujua ni nani aliyehesabu.